Chupa mbili za Ufaransa na siri ya watawa

Haya jamani, wa mlangoni ingieni tu, viti vipo huku mbele. Nimeombwa niongelee pombe kali za Ulaya zilianzaje, ila nchi zote sitazimaliza, nachukua chupa mbili tu za Ufaransa.

Ya kwanza Chartreuse, ile ya kijani. Mwaka 1605 mwanajeshi mkubwa, François-Annibal d'Estrées, anawapa watawa Wakartusi wa Paris maandishi ya dawa ya kurefusha maisha, magumu balaa, ikapita miaka zaidi ya mia ndo 1737 mtawa mfamasia Jérôme Maubec akayaweka sawa huko milimani karibu na Grenoble. Mitishamba 130! Na mwanzoni ilikuwa dawa kweli, mtawa anaipakia kwenye nyumbu anashuka nayo Grenoble na Chambéry kuuza. Hiyo ya dawa hata leo ipo, kichupa kidogo ndani ya kikopo cha mbao, kilevi asilimia 69, watu wanadondoshea kwenye kipande cha sukari ndo wanameza, ukiigida kama gongo shauri yako.

Ya pili Bénédictine. Ukisikia jina unawaza Wabenediktini, kama hawa wetu wa Peramiho na Ndanda, si ndio? Wapi! Ni Alexandre Le Grand, muuza mvinyo wa Fécamp, 1863. Akasema kaikuta resipi ya mtawa ya mwaka 1510 kwenye kitabu cha zamani, akabandika D.O.M. kwenye lebo, yaani Deo Optimo Maximo, "kwa Mungu mwema na mkuu kabisa", Kilatini cha watawa wenyewe, halafu akajenga kiwanda kama kasri. Mimi hiyo ya 1510 hainiingii akilini, ila biashara ilimnyookea.

Sasa tega sikio hapa. 1903 serikali ya Ufaransa inawatimua Wakartusi, mali inataifishwa, jina la biashara linauzwa kwa kampuni. Kampuni ina jina, ina lebo, resipi haina, maana watawa wameondoka nayo hadi Tarragona, Hispania, wanapika huko kwa jina lingine na wanywaji wanawafuata huko huko. 1929 kampuni ikafilisika, wafanyabiashara wa kule kwao Ufaransa wakanunua hisa kwa bei ya kutupa wakawarudishia watawa bure.

Eti mbona Le Grand kauza bila mtawa hata mmoja na ile kampuni yenye jina la Chartreuse ikashindwa? Ni ulimi tu. Chartreuse watu walishaizoea, ukiwapa feki wanakushtukia hapo hapo, ila ya 1510 nani aliwahi kuionja akalinganishe?

Leo resipi nzima ya Chartreuse wanaijua watawa wachache sana, na 2023 ikajulikana wamegoma kuongeza uzalishaji, mabaa ya Marekani yanalia chupa hazitoshi, wao wanasema wanataka muda wa kusali.