Kabla ya Tartani, Kocha

Ndugu makocha, nanyi walimu mliopanda hadi Kapchorwa tangu jana usiku, karibuni na poleni na safari. Nitasema Kiswahili, maana humu ndani kuna Wasabiny, Wagisu, watu wa Arua na wageni wetu kutoka Kenya, ng'ambo ya Suam. Kama kuna mtu wa Pwani, anivumilie. Kiswahili changu nilikiokota mpakani.

Kila nikitaja kituo cha mazoezi, watu huniuliza habari za kile cha taifa cha Teryet, huku kwetu mlima Elgon: tartani ya kukimbilia, hosteli, vitanda vingapi. Wana haki, tumekingoja miaka mingi. Swali langu leo ni jingine. Ndani ya geti lile, nani atasimama kando ya uwanja na stopwochi?

Mwaka 1972 mjini Munich, John Akii-Bua alikimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Rekodi ya dunia, tena akiwa njia ya kwanza, yenye kona kali kuliko zote. Yule ni mtoto wa Lango, kule kaskazini, hakulelewa mlimani. Alichokuwa nacho ni kocha, Malcolm Arnold, na kazi ngumu ya kuruka viunzi akiwa amevaa fulana yenye uzito. Baada ya hapo Uganda ilikaa miaka 40 bila dhahabu ya Olimpiki, mpaka Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni London mwaka 2012. Naye, mtoto wa hapa hapa Kapchorwa, alikuwa amevuka kwenda Kenya kutafuta wa kufanya naye mazoezi. Mlima tulikuwa nao miaka yote hiyo. Haukuhama.

Sasa mlima unafanya nini? Ukifika mita 2,500, mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa ufukweni. Figo zinahisi oksijeni imepungua, zinatoa homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi. Kazi hiyo huchukua wiki tatu, nne, nayo inataka madini ya chuma. Kijana anayesukumia kila sahani ya maharage kwa chai anajinyima chuma hicho mwenyewe. Mwambieni chai ingoje saa moja.

Kwa wasichana, nawaomba wanaume mliomo humu msiangalie chini. Akikosa hedhi miezi mitatu, msimsifu kwamba sasa yuko fiti. Mara nyingi anakula kidogo kuliko anachotumia, na mifupa yake ndiyo italipa. Mpelekeni kwa daktari. Peruth Chemutai alipotwaa dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji Tokyo, akawa Mganda wa kwanza mwanamke kupata dhahabu ya Olimpiki, wasichana wengi walivaa raba asubuhi iliyofuata. Wengi wao wako mikononi mwa mwalimu wa hesabu au wa dini, aliyepewa michezo kwa sababu hakuna mwingine. Huyo ndiye nataka alale kwenye kitanda cha kwanza cha hosteli.

Mnakumbuka Kololo, Kampala, 2017, mbio za nyika za dunia. Joshua Cheptegei aliongoza, umati ukapiga kelele, mzunguko wa mwisho miguu ikakataa. Akamaliza wa 30. Miaka mitatu baadaye, Valencia, mita 10,000 kwa dakika 26:11.00. Gawanyeni kwa mizunguko 25: chini kidogo ya sekunde 63 kila mmoja. Ni kweli, kulikuwa na taa pembeni mwa uwanja za kumwonyesha mwendo wa kushika na wenzake wa kumvuta mwanzoni. Lakini taa haimfundishi mtu kujizuia mzunguko wa tatu, pale mwili unapomwambia anaweza zaidi.

Kwa hiyo vueni makoti. Tunatoka nje, mizunguko miwili, kila mmoja sekunde 120, saa zenu za mkononi nabaki nazo mimi. Wenye vitambi pia. Atakayekosea kwa zaidi ya sekunde tano atarudia, na mwanafunzi wake atakuwa anatazama.