Ukuta wa York ulivyonusurika

Habari zenu ndugu zangu mlio nyumbani. Leo niko York, kaskazini mwa Uingereza, na nataka niwaonyeshe ukuta wa mji huu.

Hebu tazameni mnara huu. Mawe ya chini ni madogo, yamepangwa sawasawa, na katikati yake unapita mstari wa vigae vyekundu. Hayo ni ya Warumi, waliojenga ngome hapa mwaka 71. Sasa inua macho: juu mawe yanakuwa makubwa, na kuna vipenyo vyembamba vya kurushia mishale. Huo ni ujenzi wa enzi za kati. Mafundi hawakubomoa cha wenzao, walipandishia palepale! Mimi hapa naweza kusimama nusu siku.

Sehemu kubwa ya ukuta unaoonekana leo ilijengwa karne ya 13 na ya 14, na urefu wake ni kama kilomita 3.4. Upande mmoja una pengo, kwa sababu zamani palikuwa na bwawa, na maji yale yalitosha kumzuia adui.

Sasa nimefika Walmgate, mojawapo ya malango makubwa ya ukuta huu. Mbele ya lango mnaona kuta mbili zinazotokeza nje? Adui akivunja lango la kwanza, anajikuta amebanwa kwenye uchochoro huu huku anashambuliwa kutoka juu. Mwaka 1644, wakati wa vita vya Mfalme na Bunge, jeshi la Bunge liliuzingira mji. Walipiga mizinga hapa, wakachimba na handaki chini ya lango ili walilipue. Lango halikuanguka. Mji wenyewe ulisalimu amri Julai, baada ya jeshi la Mfalme kushindwa katika mapigano ya Marston Moor.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Mwaka 1800 wakuu wa mji wenyewe waliamua kuubomoa ukuta, eti gharama za kuutunza ni kubwa na malango yanabana magari ya farasi. Malango mengine matatu makubwa yalikuwa na kuta za mbele kama hizi, na zote zilivunjwa. Watu wakapaza sauti, akiwemo mchoraji William Etty, mzaliwa wa hapahapa, na ubomoaji ukasimama. Walmgate ikabaki na zake, na katika malango ya miji ya Uingereza nzima hakuna lingine lililobaki nazo.

Nasogeza kamera karibu. Jiwe hili, mnaona lilivyolika pembeni? Ligusisheni macho taratibu, halafu twende tukapande ngazi.