Saa nane usiku, sikio kwenye valvu

MTANGAZAJI: Karibuni tena kipindini. Leo hatuna mgeni. Huyu mwenzangu ninayekaa naye hapa kila wiki ni mhandisi wa rasilimali za maji, na sijawahi kumuuliza vizuri kazi yake. Dada Mhandisi, leo zamu yako.

MHANDISI: Haya kaka, uliza.

MTANGAZAJI: Ulipoajiriwa mamlaka ya maji ya mkoa, ulianza na nini? Bwawa?

MHANDISI: Bwawa wapi! Chuoni nilitoka na hesabu za mafuriko. Nikapangwa na fundi mmoja mtu mzima, akanipa chuma chembamba kirefu kama fimbo, akasema, "Mwanangu, njoo saa nane usiku."

MTANGAZAJI: Usiku kuna nini?

MHANDISI: Watu wamelala. Kati ya saa nane na saa kumi matumizi yanashuka sana, kwa hiyo dira ya maji ya mtaa ikiendelea kuzunguka kwa kasi, shuku mvujo. Unagusisha ncha ya chuma kwenye valvu, sikio unaliweka huku juu. Bomba la chuma linaleta sauti vizuri, unasikia "shiii" isiyokatika. La plastiki linaimeza. Na penye matangi majumbani uwe mwangalifu, maana yanajaa usiku huohuo, ukachimba barabara bure.

MTANGAZAJI: Mvujo mmoja unapoteza kiasi gani?

MHANDISI: Chukua wa lita 1 kwa sekunde. Kwa siku ni lita 86,400. Kila mtu akipata lita 50, hayo ni maji ya watu zaidi ya 1,700! Ndiyo maana roho inaniuma nikisikia watu wanatafuta chanzo kipya na mivujo iko palepale. Yale maji yameshasukumwa, yameshachujwa, yametiwa klorini, na umeme wake umelipiwa. Yamebakiza kufika tu.

MTANGAZAJI: Kuna siku ulikosea?

MHANDISI: Ipo. Mwaka wangu wa pili. Tuko kwenye bomba kuu, nina haraka, nikamwambia kijana afunge valvu upesi. Sasa maji yakiwa yanakwenda mita 1 kwa sekunde kwenye bomba la chuma, ukayakata ghafla, presha inaruka karibu sawa na kimo cha mita 100 za maji. Tulisikia kishindo, kisha kimya, kisha maji yakaanza kuchemka barabarani mbele yetu. Kiungo kimefumuka.

MTANGAZAJI: Lo!

MHANDISI: Siku mbili mtaa haukuwa na maji. Alipita mama mmoja na ndoo mbili tupu, akatutazama mle shimoni, akaendelea na safari yake. Hakusema neno. Mpaka leo valvu ya bomba kuu naifunga nikihesabu mizunguko kwa sauti.

MTANGAZAJI: Siku hizi uko mipango, sivyo?

MHANDISI: Ndiyo, bwawa nimelifikia. Tunalizunguka kwa boti tukipima kina, kujua tope limepanda kiasi gani. Ukisimama ukingoni unaona maji yaleyale ya miaka yote, kumbe chini nafasi imeliwa na udongo wa mashamba ya juu. Basi unapanda huko kuongea na wakulima. Ukienda na amri tu, umepoteza safari: yule anayelima mpaka ukingoni mwa mto ana watoto wa kulisha. Mwaka wa kwanza nilienda mara nyingi kusikiliza tu.

MTANGAZAJI: Na kile chuma?

MHANDISI: Mzee alipostaafu aliniachia. Sasa tuna vifaa vya elektroniki, unafunga vihisi sehemu mbili za bomba, vinakokotoa mvujo uko wapi. Navipenda, vinatupunguzia kuchimba ovyo. Ila kabla jembe halijashuka bado naweka sikio. Alhamisi naenda na vijana wawili wapya.

MTANGAZAJI: Saa nane?

MHANDISI: Saa nane. Nimeshawaambia waje na makoti.