Siku Lou Gehrig Alipoomba Asipangwe

Mabibi na mabwana, wanafunzi wangu, asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu hamjawahi kutazama mechi hata moja ya besiboli. Msiwe na wasiwasi. Nimekuja kuwaeleza siku moja tu, Mei 2, 1939, katika jiji la Detroit, siku ambayo mchezaji wa besiboli Lou Gehrig alimfuata kocha wake, Joe McCarthy, akamwomba asimpange.

Ili siku hiyo iwaingie, lazima mjue alikotoka. Alizaliwa New York mwaka 1903, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Walijaliwa watoto wanne, akabaki yeye peke yake. Mama yake, Christina, alifanya kazi za kupika na kufua kwenye nyumba za watu ili mwanawe asome, na kijana akafika Chuo Kikuu cha Columbia. Mama alitamani awe mhandisi. Mwaka 1923 akasaini na timu ya New York Yankees. Juni 1, 1925 aliingia kama mchezaji wa akiba, kesho yake akapewa kulinda kituo cha kwanza mahali pa mwenzake Wally Pipp, na tangu hapo hakukosa mechi. Mechi 2,130 mfululizo, jamani!

Nisiwafiche jambo. Julai 1934 maumivu ya mgongo yalimbana hata kusimama ikawa taabu. Siku iliyofuata akapangwa awe wa kwanza kupiga mpira kwa gongo, akapiga mara moja, mechi ikahesabiwa, akapumzishwa. Wapo wanaosema hapo rekodi ilisaidiwa. Mimi naona yule mtu alikuwa amejifunga kwenye hesabu ile kama mkulima anavyojifunga kwenye msimu wa mvua. Na mwaka huohuo aliongoza ligi yake kwa wastani wa mapigo yaliyofanikiwa, na kwa kuvusha mpira nje ya uzio mara 49.

Mwaka 1938 nguvu zikaanza kumponyoka. Bado alivusha mipira 29, na kwa mchezaji mwingine huo ungekuwa mwaka mzuri. Lakini msimu wa 1939 ulipoanza, katika mechi nane alipata mapigo manne tu yaliyofanikiwa.

Sasa tusogee karibu. Aprili 30, dhidi ya Washington, mrushaji wa Yankees aliokota mpira uliobiringika, akamtupia Gehrig kituoni. Akaudaka. Ni kazi ya kila siku, sawa na kipa kudaka mpira uliomjia kifuani taratibu. Wenzake wakamjia wakimpongeza! Ndugu zangu, pongezi zile zilimchoma kuliko zomeazomea yoyote. Alijua wanampongeza kama anavyopongezwa mgonjwa aliyefanikiwa kuketi kitandani.

Siku mbili baadaye, Detroit, alimwambia McCarthy kwamba anajitoa kwa faida ya timu. Hakuna aliyemfukuza, na McCarthy asingethubutu. Akiwa nahodha, alibeba mwenyewe karatasi ya kikosi hadi kwa waamuzi, karatasi isiyo na jina lake. Mtangazaji alipowaeleza watazamaji, wakampigia makofi, naye akarudi benchi akilia. Yankees walishinda 22 kwa 2.

Nawaomba mzingatie mpangilio: alijitoa kabla hajajua anaumwa nini. Jina la ugonjwa lilikuja Juni 19, siku aliyotimiza miaka 36, katika Kliniki ya Mayo, Minnesota. ALS. Ugonjwa huu huua neva zinazopeleka amri kwenye misuli. Misuli isiyopata amri hunyauka: mikono, miguu, ulimi, mwishowe ile ya kupumulia. Mara nyingi akili hubaki timamu ikishuhudia yote.

Julai 4 walimuaga mbele ya watu 61,808. Wachezaji wenzake walimpa kombe la fedha, naye akaliweka chini kwenye majani, kwa kuwa mikono haikuweza tena kulishika. Mikono iliyokuwa ikipiga mpira ukavuka uzio! Akajifuta macho, akasema anajiona mtu mwenye bahati kuliko wote duniani, akawataja wenzake, wazazi wake, mkewe Eleanor, hata mama mkwe. Babe Ruth, nyota wa zamani wa Yankees, ambaye walikuwa wamenuniana kwa miaka, akaja kumkumbatia.

Watu wengi huishia hapo. Mimi siwezi. Januari 1940 alianza kazi katika tume ya jiji la New York iliyokuwa ikiamua wafungwa gani waachiliwe kwa masharti. Alikuwa amepewa nafasi zenye pesa nyingi zaidi, akaichagua hii. Alisoma majalada, akawasikiliza vijana waliokosea, akaamua. Vidole viliposhindwa kushika kalamu, Eleanor aliketi kando yake, akaushika mkono wake na kuuongoza juu ya karatasi mpaka saini ikamilike. Aliendelea hivyo hadi karibu mwezi mmoja kabla ya kufariki nyumbani kwake, Bronx, Juni 2, 1941.