Kuanguka Bila Kufika Chini

Haya, wanaoingia waingie tu, ila nyie wa mstari wa kwanza sogeeni nyuma kidogo manake leo kuna maji yatamwagika, nisije nikalaumiwa.

Nimekuja na chupa. Chupa ya maji ya kawaida, lita moja na nusu, nimeitoboa kwa msumari hapa pembeni karibu na kitako. Nikitoa kidole maji yanaruka mpaka kwenye beseni, mnaona. Kwa nini yanatoka? Mtaniambia graviti inayavuta, ya juu yanayakandamiza ya chini, sawa kabisa. Sasa napanda kwenye kiti, natoa kidole halafu naiachia chupa idondoke. Angalieni tundu, msiniangalie mimi.

Umeona? Hukuona. Tunarudia, safari hii rekodini na simu mkaangalie polepole. Haya... eeh! Chupa ikiwa hewani tundu limekauka, hata tone halitoki, mpaka ilipopiga beseni ndo maji yakaruka na huyu kijana wangu akalowa suruali, pole sana.

Sasa nani alizima graviti? Hakuna, si ndo hiyohiyo ilikuwa inaiangusha chupa. Kilichopotea ni kukandamizana, kwa sababu maji yanaanguka na chupa inaanguka, wote spidi moja, hakuna wa kumlalia mwenzake. Na hapa ndo pana jambo langu lote la leo: uzito mnaousikia kwenye makalio hapo mlipokaa siyo graviti, ni kiti kinawasukuma juu. Graviti yenyewe mwili hauisikii. Ni kama daladala ikipiga breki, unalalamika umesukumwa mbele wakati hakuna aliyekusukuma, wewe ulikuwa unaendelea na safari yako, gari ndo limekatisha.

Ndo maana nakasirika nikisikia eti wanaanga wanaelea kwa sababu kule hakuna graviti. Kituo cha anga cha kimataifa kiko kama kilomita 400 juu, ni karibu kuliko Mombasa na Nairobi, na graviti pale bado ni karibu asilimia 90 ya hii ya kwetu. Wanaelea kwa sababu wanaanguka, kama maji ya chupa yangu, muda wote, mchana na usiku.

Mbona hawafiki chini? Hesabu yake ni ndogo sana. Kitu ukikiachia, sekunde ya kwanza kinaanguka kama mita 5. Na dunia ni mviringo, ukienda kilomita 8 kwa mstari ulionyooka uso wa dunia unakuwa umeinama chini yako kama mita 5. Kwa hiyo ukikimbia karibu kilomita 8 kwa sekunde, wewe unashuka mita 5 na ardhi nayo imeshuka mita 5, mnakimbizana hivyo hivyo na hamkutani. Obiti ndo hiyo.

Na hii kitu imefanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ikaitwa Uhuru, kwa sababu siku hiyo Kenya inatimiza miaka 7 ya uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za anga tu, na ilichangia watu kuanza kuamini kwamba Cygnus X-1, kitu cha angani kinachotoa eksirei, ni shimo jeusi, yaani graviti yake ni kali mpaka mwanga hauchomoki. Kwa nini Malindi? Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na karibu na ikweta uso wake unakimbia zaidi ya mita 460 kwa sekunde, Roma ni kama 345 tu, kwa hiyo roketi ya Malindi inaondoka ikiwa imeshapewa lifti ya bure.

Mwaka 1907 Einstein, bado karani wa ofisi ya hataza, ile inayosajili uvumbuzi wa watu, kule Bern, Uswisi, akawaza mtu anayeanguka kutoka juu ya paa hausikii uzito wake. Chupa yangu hiyo! Ila yeye hakuishia hapo. Akasema kama kuanguka kunafuta uzito, basi kusimama ardhini ni sawasawa na kuwa ndani ya lifti inayopaa huku inaongeza spidi. Sasa chukulia lifti hiyo, sakafuni kuna taa inatoa mmweko kila sekunde, wewe uko darini. Mwanga ukiondoka chini dari inaukimbia, na unaofuata dari inaukimbia zaidi, so kila mmweko unakufikia umechelewa. Ukilinganisha na saa yako ya mkononi, ile taa, ambayo ndo saa ya chini, inajikokota. Na kama lifti na ardhi ni mamoja, basi hata hapa bila lifti yoyote saa ya chini inajikokota.

Utani? Setilaiti za GPS, hizo zinazomwonyesha bodaboda nyumba yako, ziko kama kilomita 20,200 juu. Graviti ndogo inaharakisha saa zake maikrosekunde 45 kwa siku (maikrosekunde ni sekunde uigawe mara milioni), mbio zake zinazichelewesha 7 (hiyo ni nadharia yake Einstein ya 1905, kwamba saa inayokimbia inachelewa, leo sina muda nayo), inabaki 38. Ndani ya hizo 38 mwanga unakwenda zaidi ya kilomita 11, na GPS inapima umbali kwa mawimbi yanayokimbia spidi hiyohiyo. Mwaka 1977 Wamarekani walipeleka setilaiti ya majaribio NTS-2 na saa ya atomi, yaani saa sahihi mno, wengine hawaamini haya mambo, wakaweka marekebisho ya saa yanayowashwa kwa swichi, wakaiacha swichi imezimwa kama siku 20 waone. Saa ikawahi, karibu kabisa na hesabu ilivyosema. Wakawasha swichi.

Nimepiga hesabu ya Kibo pia, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Ukikaa kileleni mwaka mzima utashuka umezeeka maikrosekunde 20 zaidi ya mwenzako aliyebaki ufukweni Tanga. Baridi ya kule itakuzeesha zaidi ya hapo, ila hiyo muulizeni daktari. Maswali? Na nani ana dekio?