Inshallah ya Fundi

MWANAIDI: Karibuni tena, ni sisi wale wale. Leo nina jambo moyoni. Jumatatu nilivuka feri kwenda Likoni, kwa jirani yetu wa zamani. Amefiwa na mtoto. Nikamwambia, "Mungu amempenda zaidi." Akaniangalia, akasema, "Kwani mimi sikumpenda?"

KAHINDI: Ala!

MWANAIDI: Buibui langu lilikuwa limelowa jasho, nami sina jibu. Neno hilo nimelisema maisha yangu yote.

KAHINDI: Ndilo swali la leo hilo, dada: tukimtaja Mungu tunasema kitu, au ni sauti tu? Ayer, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1936 kwamba kauli isiyoweza kuthibitishwa kwa tajiriba, na si kweli kwa maana ya maneno yake tu, haina maana.

MWANAIDI: Na kauli yake hiyo nani aliithibitisha?

KAHINDI: Hapo wengi walimbana, kweli. Lakini mwenzake, Flew, mwaka 1950 aliuliza swali gumu zaidi: ni jambo gani likitokea utakubali kwamba ulichosema si kweli? Kama hakuna, umesema nini? Mfano ni yule fundi wako wa friji.

MWANAIDI: Usinikumbushe! Wiki mbili, "kesho inshallah," mkono kifuani. Samaki wangu, changu wote, wameoza.

KAHINDI: Basi. Akija, Mungu amependa. Asipokuja, Mungu hakupenda. Neno halishikiki.

MWANAIDI: La, Kahindi. Yeye amelichezea tu. Noti bandia haiwezi kuwepo kama hakuna noti halali. Mamangu akisema inshallah huwa keshajitanda, yuko mlangoni.

KAHINDI: Noti utaipeleka benki ikapimwe. Inshallah utaipeleka wapi?

MWANAIDI: Nampima msemaji.

KAHINDI: Basi umempima fundi. Mungu hujamgusa.

MWANAIDI: Wataka neno liwe kama kipimajoto. Pale matangani watu wakisema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, hawatoi taarifa tu. Wanajikabidhi.

KAHINDI: Kujikabidhi kwa nani? Lazima awepo kwanza. Nami kwetu tunamwita Mulungu, naomba kila usiku, sibishani kwa kejeli. Nataka ombi langu liwe linasema jambo la kweli.

MWANAIDI: Nami nasema ukweli wake hauji kwa njia ya friji.

KAHINDI: Sikubali.

MWANAIDI: Usikubali. Nami sirudi nyuma.

KAHINDI: Tuliahidi mambo matatu ya kumwambia mfiwa, na zimebaki dakika mbili.

MWANAIDI: Hata la kwanza hatujaligusa. Tuyaache. Alhamisi ni hitima, na bado sijui nitamwambia nini yule mama.

KAHINDI: Nitakuja nawe.

MWANAIDI: Njoo. Tuonane kwenye feri saa tisa, na tende nitabeba mimi.