Kutoa na kurudisha tairi ya baiskeli inayobana: leva, sabuni na mfereji wa rimu

Karibuni tena kibandani, hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Gurudumu mnaloliona mezani limeshapelekwa kwa mafundi wengine na kurudishwa hivyo hivyo. Rimu ni ya alumini, tairi ni mpya, ile yenye waya mgumu ndani ya kingo zake mbili, na imebana kabisa. Mwenyewe ana pancha na kesho asubuhi anataka kupanda kilima cha Riat, kwa hivyo tairi inatoka leo na inarudi leo.

Kutoa gurudumu kwenye baiskeli sitaonyesha, mnajua wenyewe. Kutoa upepo nitasema neno moja tu: toa wote. Kama valvu ni ile ya baiskeli ya Black Mamba, fungua kinati, vuta kipini chake pamoja na kampira. Kama ni ya aina ya gari, bonyeza kipini cha katikati. Kama ni ile nyembamba ya baiskeli za mbio, legeza kichwa kidogo juu kisha bonyeza. Halafu ikamue tairi kwa mikono yote miwili huku bado unabonyeza. Upepo kidogo tu uliobaki ndani unaipa tairi nguvu ya kushindana nawe.

Sasa, kabla sijagusa chombo chochote, mpwa wangu unayerekodi, sogeza simu karibu. Karibu zaidi. Someni ubavuni mwa tairi. Hapa pameandikwa 47-559. Hiyo 47 ni upana, na 559 ni kipenyo, kwa milimita, pale waya unapokaa kwenye rimu. Namba hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia. Dukani utaambiwa "tairi ya ishirini na sita", lakini 26 × 1.75 ni 559 na 26 × 1 3/8 ni 590. Hizo haziingiliani hata siku moja. Ya "ishirini na nane" ni hivyo hivyo: Black Mamba yenye 28 × 1 1/2 ni 635, na baiskeli nyingi za mtumba za 700C ni 622. Jaduong' mmoja, yaani mzee, alitoka Ahero na tairi ya 622 ya kuvalisha rimu ya 635. Vijana walikuwa wameihangaikia mpaka leva, vile vijiti vya kuinulia tairi, zikapinda, na hakuna leva duniani ya kuziba pengo la milimita 13. Tafadhali, soma namba kabla ya kulipa pesa.

Yetu ni 559, rimu ni 559. Basi tunaendelea.

Hapa ndipo penye siri, na ndiyo sababu nimetaka kurekodi hii video. Rimu si bapa ndani. Pembeni ina vibaraza viwili, na waya unakaa hapo tairi ikijazwa. Katikati pana mfereji ulioshuka chini. Waya haurefuki, usijidanganye kwamba utauvuta ukaongezeka. Nafasi yote unayoitafuta iko kwenye ule mfereji. Waya ukishuka mferejini upande mmoja wa gurudumu, upande ulio mkabala unalegea na kupata nafasi ya kuvuka ukuta wa rimu.

Kwa hivyo kwanza ni vidole. Bana tairi hivi, gumba huku na gumba kule, isukume kuelekea katikati mpaka waya utoke kwenye kibaraza. Zunguka gurudumu lote. Kisha geuza, fanya upande wa... ngoja. Mpwa wangu ananiambia mkono wangu unaziba. Hamia huku, upande wa mwanga. Jua la saa nane hapa Kisumu ni kali, lakini leo linatusaidia, maana tairi iliyokaa juani inalainika. Niliianika hii kabla hatujaanza. Haya, mnaona? Kulikuwa kumegandamana kabisa, sasa waya uko chini.

Leva. Hizi ninauza, nitasema ukweli wa kila moja. Hii ya plastiki ni pana na haikwaruzi alumini. Kwa tairi ya kawaida inatosha kabisa, ila kwa iliyobana sana nyembamba zake huvunjika ncha. Hii ya chuma kitupu haivunjiki, lakini inaacha alama kwenye rimu ya alumini, kwa hivyo naiwekea Black Mamba yenye rimu ya chuma. Hii ya tatu ina chuma ndani na imevikwa plastiki nje. Ndiyo naipenda kuliko zote. Leva za pikipiki ni nene mno, waachie wenye pikipiki. Na bisibisi, ndugu zangu, irudishe kwenye boksi. Ncha yake inakata tyubu, na utaziba pancha moja huku umefungua nyingine.

Anza karibu na valvu, kama shubiri moja pembeni yake. Watu wengi huanzia mbali kabisa na valvu, lakini penye valvu waya hauwezi kushuka mferejini, kwa sababu shina la valvu na mpira wake limejaa pale. Ukiinulia huku, upande wa mbali unabaki chini, na chini ndiko tunakoutaka.

Ncha ya leva inapita chini ya waya. Chini ya waya tu. Ipenyeze, kisha ichezeshe kidogo usikilize: ikiwa imeshika kitu kilaini kinachovutika, hiyo ni tyubu, itoe uanze upya. Ikiwa imeshika kitu kigumu, huo ni waya: inua, shusha, chomeka ndoano ya leva kwenye spoki. Leva ya pili weka karibu, spoki mbili tu kutoka hapo. Ukiiweka mbali unauvuta waya mrefu kwa mara moja, na hapo ndipo leva huvunjika. Inua...

Imerudi. Usikate hapo, waache waone. Leva haina kosa. Tazama upande wa chini kule, waya umejipandisha tena kwenye kibaraza wakati navuta huku. Nasimamisha gurudumu, naliegemeza kwenye goti, naukamua tena ushuke mferejini, halafu naushikilia kwa mkono wa kushoto. Leva ya pili tena. Inua taratibu. Hiyo! Sasa ya tatu, na ya katikati inaanguka yenyewe. Zilizobaki ni kuteleza tu.

Toa tyubu. Kuziba sionyeshi leo, msasa, solusheni na kiraka mnavijua. Pitisha kidole ndani ya tairi utafute mwiba, polepole, miiba ya huku haina huruma.

Halafu nataka mwone hiki kitu. Leta simu. Leta. Hiki kilichofunika matundu ya spoki ni kipande cha tyubu ya pikipiki, na kimekunjwa mara mbili. Ndiyo maana! Mtu alikiweka kwa nia nzuri, ili spoki zisichome tyubu, lakini kimeujaza mfereji wote. Waya utashukia wapi? Hapa tungepigana na tairi mpaka jioni, na tairi yenyewe haina shida yoyote.

Nakitoa. Naweka utepe wa kitambaa, mwembamba na mgumu, wenye upana wa mfereji, mzunguko mmoja. Ufunike kila tundu kamili, kwa sababu tyubu ikijazwa hujisukuma kwenye tundu lililo wazi na kupasuka. Utepe wa umeme usitumie, hulegea kwa joto na kusogea. Toboa tundu la valvu.

Kurudisha. Upande wa kwanza wa tairi unaingia kwa mkono, bila maneno.

Tyubu ipulize kidogo, pumzi mbili tatu za pampu, ishike umbo la duara tu. Ikiwa bapa inajikunja na kulala chini ya waya. Ikijaa sana, hutapata nafasi. Ingiza valvu, kisha ilaze tyubu yote ndani ya tairi.

Upande wa pili anza mbali na valvu na umalizie kwenye valvu. Nimeshasema sababu, ni ile ile. Fuata pande zote mbili kwa wakati mmoja, kulia na kushoto, kila mara ukiukamua waya uliokwisha kuingia ushuke mferejini. Ukifika robo ya mwisho, paka maji ya sabuni ya vyombo kwenye waya na ukingo wa rimu. Usipake oili wala grisi, mafuta ya petroli huula mpira.

Sasa imebaki kama kiganja kimoja, na hapa nisikilizeni. Mkono utatamani leva. Usishike leva. Ukigeuza leva hapa, tyubu imekaa hapo hapo chini ya ncha, na huioni. Utasikia tairi imeingia vizuri, utajaza, na upepo utatoka. Rudi kwanza kwenye nafasi: simamisha gurudumu, valvu ikiwa chini, mikono yote miwili juu, kamua tairi na uivute kushuka pande zote mbili kama unayekamua nguo nzito, mpaka ulegevu wote ufike chini. Rudia. Halafu lilaze, tumia kitako cha kiganja, usitumie vidole, uuvingirishe waya juu ya ukuta. Kidogo kulia, kidogo kushoto...

Mpwa, usiguse leva! Hapana, hata kwa kunisaidia.

...imeingia. Mmesikia?

Kwa mwenye mikono dhaifu au yenye maumivu, kuna kifaa cha kampuni ya Kool-Stop ya Marekani. Kina mpini mrefu: upande mmoja unaegemea ukingo wa rimu ulio mbali nawe, na ndoano yake inaushika waya na kuuvusha kwa juu. Hakipiti chini ya waya, ndiyo maana hakibani tyubu. Mimi nakiheshimu sana kwa ajili ya wazee na kwa mtu anayebadilisha tairi nyingi kwa siku. Na bado kinahitaji waya uwe mferejini.

Kabla ya pampu: sukuma valvu juu, ndani ya tairi, kisha ivute irudi. Hiyo inaitoa tyubu iliyobanwa pale penye valvu. Halafu zunguka pande zote mbili, bana tairi pembeni, chungulia. Ukiona weusi wa tyubu kati ya waya na rimu, irudishe ndani. Zunguka tena. Nasema tena kwa sababu kinachopasua tyubu mpya ni hiki: leva ya mwisho, na kutochungulia.

Jaza nusu. Ubavuni kuna mstari mwembamba unaolifuata duara la rimu, na unapaswa kuwa sawa kote. Hapa... mnaona umezama kidogo? Waya bado uko mferejini sehemu hii. Toa upepo, ongeza sabuni, jaza tena, vuta tairi kwa mkono hapo hapo. Pa! Hiyo ndiyo sauti. Malizia kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni, usikivuke.

Zungusha. Mstari umekaa. Sasa osha kuta za rimu kwa maji safi, pande zote mbili, na ukaushe kwa kitambaa, maana raba za breki hushika hapo hapo, na mwenye gurudumu hili kesho atateremka Riat.